Suruali Namba Ishirini na Sita

Kwa miaka tisa Mama Pindo alishona nguo za wafungwa, na miaka hiyo yote jela iliagiza kwa maneno matatu tu: ndogo, ya kati, kubwa. Nani angejisumbua kumpima mfungwa? Avae, afunge kamba, basi. Kwa hiyo Jumatatu ile msimamizi alipoingia karakanani na karatasi yenye safu za namba, kiuno, kifua, mabega, urefu, mtu kwa mtu, mafundi wote sita waliacha kukanyaga cherehani wakamtazama.

"Kulikoni?" aliuliza Kasuku, fundi wa cherehani ya pili, ambaye jina hilo alilipata kwa mdomo wake. "Jela kuna harusi?"

"Kuna kamera," alisema msimamizi. "Wale wa kijivu wanabadilishiwa. Mkubwa wa nchi ametia saini. Waziri atakuja kuwasomea, na watu wa televisheni watakuwapo, kwa hiyo bwana jela hataki waonekane kama viazi ndani ya magunia. Kaki, shati moja na suruali moja kila mtu, ziwakae. Mna wiki tatu. Na midomo muifunge, haijatangazwa. Kasuku, nakwambia wewe."

"Mimi tena? Mimi bubu."

Pale karakanani hakukuwa na haja ya kuelezana wa kijivu ni nani. Wafungwa wengine wote huvaa kaki. Kijivu ni cha waliohukumiwa kunyongwa.

"Kwa hiyo wanaachiwa?" aliuliza mkataji, mzee mwenye chaki nyuma ya sikio, ambaye wote walimwita Babu Chaki.

"Nani kasema wanaachiwa? Hawanyongwi tena, basi. Wanapewa maisha."

"Maisha gani hayo," alisema Kasuku. "Unapewa, halafu unafungiwa humohumo."

Watu wakacheka. Mama Pindo naye akacheka, kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye sindano, "Ni wangapi?"

"Thelathini na wanane."

Akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga. Mwaka jana alikuwa amepinda suruali za kijivu arobaini na tatu. Mtu aliyesoma darasa la nne anaweza kutoa thelathini na nane kwenye arobaini na tatu bila karatasi. Wamebaki watano.

Mwanawe wa kiume, kifunguamimba wake, alikuwa ndani ya kijivu mwaka wa kumi na sita. Hakusingiziwa. Wengine wana la kusema kuhusu mahakama na mashahidi, Mama Pindo hakuwa nalo. Vijana watatu waliingia kwenye ghala la saruji, mlinzi akaamka, na nondo ilikuwa mkononi mwa mwanawe. Mlinzi alikuwa na mama. Yule mama alikuja mahakamani kila siku na mkoba mweusi mapajani, na siku ya hukumu alitoka bila kumtazama mtu. Mama Pindo alimsubiri mlangoni amwambie pole, neno likakwama. Tangu siku hiyo kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula, alishona, alilala. Watu walimsifu kwa moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Haukuwapo tu.

Karakanani hakuna aliyejua. Mkataba wa jela ulisema hakuna fundi anayeruhusiwa kushona akiwa na ndugu ndani, wasije wakapitisha vitu kwenye mapindo. Siku ya kuajiriwa alipewa fomu yenye swali hilo, akaandika "hakuna" kwa herufi kubwa, taratibu, kama mwalimu wake wa darasa la kwanza alivyomfundisha.

Sasa ile karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya meza ya Babu Chaki. Haikuwa na majina. Ilikuwa na namba tu, moja mpaka thelathini na nane, na vipimo.

Wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki. Akasogea ukutani, akavaa miwani.

Alikijua kipimo cha mwanawe kama wengine wanavyozijua sala. Suruali ya mwisho alimshonea yeye mwenyewe, ya kwendea kuomba kazi: kiuno thelathini, urefu arobaini na nne. Hakuna wengi wenye urefu huo. Alipokuwa kijana watoto wa mtaani walimwita Ngazi. Akaweka kidole kwenye safu ya urefu, akakishusha. Arobaini. Thelathini na tisa. Arobaini na moja. Arobaini na moja. Arobaini na mbili, lakini huyo kiuno arobaini, jela gani hiyo inanenepesha. Arobaini. Thelathini na nane.

Namba ishirini na sita: kiuno ishirini na nane, urefu arobaini na nne.

Kidole kikasimama hapo. Kisha akasoma maneno yaliyofuata, yaliyoandikwa kwa kalamu: mguu wa kushoto ishirini na tatu, ufungwe.

Akashusha kidole. Arobaini. Arobaini na moja. Mpaka mwisho. Akarudi juu akaanza upya, kisha akavua miwani akaenda kukaa kwenye kiti chake, akafungua chakula chake akakila chote.

Mchana Babu Chaki alipofika namba ishirini na sita aliita kwa sauti, "Njoni mwone! Karani wa jela amelala usingizi. Mguu mmoja arobaini na nne, mwingine ishirini na tatu!"

"Huo mfupi umekunjwa kwenda kuvua samaki," alisema Kasuku.

"Au wamemhukumu nusu nusu!"

Msimamizi akapiga simu jela kuuliza. Alisikiliza, akasema "aa," akasema "sawa, sawa," akakata.

"Karani hakukosea. Amekatwa mguu, juu ya goti. Suruali ifungwe mwisho wa kigutu, wasije wakampiga picha imening'inia."

Kicheko kikaisha. Kasuku akasema, "Mungu anisamehe," akaendelea kushona. Msimamizi akatazama huku na huku, akasema, "Hiyo ni kazi ya pindo. Mama Pindo, yako."

"Iletwe," alisema Mama Pindo.

Nyumbani aliishi na bintiye, mdogo wa yule aliye ndani, mwuguzi msaidizi katika zahanati. Binti alikwenda jela mara moja tu, mwaka wa kwanza, akasema hawezi tena. Hawakugombana juu ya hilo. Mama alikwenda peke yake kila baada ya miezi mitatu, akirudi binti anauliza "hajambo?" na mama anajibu "hajambo," ikaishia hapo.

Jioni ile mama alimweleza yote huku binti akichambua mboga.

"Watano wameachwa," alisema. "Na wetu yumo humo."

"Mama, umejuaje? Umesema hakuna majina."

"Hakuna arobaini na nne."

"Amekaa kule miaka kumi na sita. Watu wanapungua."

"Kiuno ndicho kinachopungua. Mfupa haupungui. Hakuna arobaini na nne isipokuwa moja, na huyo ana mguu mmoja."

Binti aliacha mboga. "Mguu mmoja?"

"Umekatwa. Juu ya goti. Maskini, sijui nini kilimpata. Mrefu kama wetu."

Binti alimtazama mama yake. Kisha akauliza polepole, kama anavyouliza wagonjwa kwenye foleni, "Mama, mara ya mwisho ulipomwona, alikuwaje?"

"Alikuwaje vipi? Alikuwa yuleyule. Pale dirishani unaona kifua na kichwa, ukuta unafika hapa." Akaonyesha chini ya kifua. "Amekonda. Na siku hizi adabu imempungua, sikufichi. Zamani nikifika alikuwa anasimama kunisalimia. Sasa namkuta amekaa, nasalimiwa kwa kukaa, naondoka amekaa. Mimi mama yake. Sikumwambia kitu."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Na zaidi." Akachukua kisu akaendelea na mboga zilizoachwa. "Labda wamewachosha."

Binti akanyanyuka kwenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Wiki mbili Mama Pindo alipinda suruali za watoto wa watu. Huyu mfupi, mama yake bila shaka mfupi. Huyu miguu imepinda, ndiyo maana aliyempima ameandika vipimo viwili. Alipitisha uzi, akakata, akaweka juu ya nyingine. Aliitafuta hasira dhidi yao, wale thelathini na wanane, hakuipata. Alitafuta chozi, halikuwapo pia. Siku moja sindano iliingia kwenye kidole cha shahada mpaka kwenye ukucha, akaitazama kwanza kabla hajakumbuka kuitoa.

"Mama Pindo!" Kasuku aliruka. "Damu! Wewe huumwi?"

"Naumwa," alisema, akafunga kidole kwa kipande cha kaki.

Ile namba ishirini na sita aliiacha mwisho. Siku mbili kabla ya kukabidhi, aliiweka mapajani akaigeuza ndani nje. Kaki ya jela ni ngumu, mpya inakwaruza kama mkeka. Aliwaza: mtu akikatwa, ile ngozi ya mwisho inakuwa nyororo kama ya mtoto mchanga. Mshono wa kufunga utakaa papo hapo kwenye kigutu, utamla. Aliikunja akaiweka chini ya cherehani.

Asubuhi alikuja na kipande cha shuka. Katika nyumba yao hakukuwa na kitambaa laini kuliko hicho: shuka la maua madogo ya samawati, lililolaliwa na watoto wake wote wawili mpaka likawa jembamba kama ngozi ya kitunguu. Alikuwa amelitunza kabatini bila sababu. Alikata duara, akalitia tabaka mbili, akalishona ndani ya ncha ya mguu wa kushoto, na mishono yote akaigeuzia nje ili ngozi isiguswe na uzi.

Kasuku aliinua shingo. "Hayo maua ya nani? Tumeanza kuwatia maua wafungwa? Au ndiye mchumba?"

"Mchumba," alisema Mama Pindo. "Usimwambie mtu."

"Bibi wee! Na jino moja moja hivyo?"

"Yeye ana mguu mmoja mmoja. Tutalingana."

Kasuku alicheka mpaka akaegemea cherehani, na kwa kuwa alicheka hivyo hakuuliza tena. Kuweka kitu ndani ya nguo ya mfungwa ni kosa. Mama Pindo alijua. Lakini alifikiri, yupo mwanamke mahali fulani aliyemzaa huyu, hawezi kumfikia, mimi nimemfikia. Halikuwa wazo kubwa. Liliisha uzi ulipokatwa.

Siku ya sherehe redio ya karakanani iliwashwa. Waziri alisoma: wafungwa thelathini na wanane waliokuwa wakisubiri kunyongwa wamepunguziwa adhabu, watatumikia kifungo cha maisha. Palipigwa makofi. Sauti ya mtangazaji ikasema wafungwa wamependeza.

"Kazi yetu hiyo!" alisema Babu Chaki.

Majina hayakusomwa. Mama Pindo akatoka kwenda chooni, akasimama humo akihesabu mbao za dari mpaka mtu akagonga.

Zamu yake ya kwenda jela iliangukia Jumapili ya pili baada ya hapo. Binti alimwambia, "Nitakuja nawe."

"Wewe? Unakuja kufanya nini?"

"Nakuja tu, mama."

"Kama unakuja kwa sababu ameachwa, usije na uso huo. Asikuone hivyo."

"Siji na uso wowote."

Langoni palikuwa na foleni mbili badala ya moja. Ya zamani, ya dirishani, ilikuwa fupi. Nyingine ilielekea uani, ambako wafungwa wa kaki huonana na jamaa zao kwenye mabenchi, bila ukuta. Mama Pindo hakuangalia foleni ya pili. Miguu yake ilimpeleka kwenye foleni aliyoizoea, akasimama nyuma ya mzee mmoja mwenye kofia mkononi. Binti akasimama nyuma yake, amemshika kiwiko.

Askari mwenye orodha alimwuliza mzee jina la mfungwa wake. Akapitisha kalamu, akapitisha tena.

"Dirishani, mzee wangu."

"Dirishani?" mzee aliuliza. "Redio ilisema wamesamehewa."

"Siyo wote. Dirishani."

Mzee akasema "ahsante," akavaa kofia, akaivua tena, akaenda.

Mama Pindo akataja jina la mwanawe. Askari hakusikia, akamwambia arudie. Akarudia. Kalamu ikashuka, ikasimama.

"Mama, wewe umekosea foleni. Nenda uani."

Hakusogea.

"Uani, mama. Kule kwenye mabenchi. Unazuia watu."

"Tazama vizuri, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Nimeiona karatasi. Wangu hayumo."

"Karatasi gani umeiona wewe? Huyu hapa. Ishirini na sita."

Binti alikishika kiwiko kwa nguvu zaidi. Mama Pindo aliisikia ile namba vizuri kabisa, masikioni hakuwa na tatizo. Ilikaa tu kichwani mwake kama kitu kilichowekwa mezani na mgeni. Alisema, "Haya," na akaenda uani, na kila hatua aliitazama miguu yake mwenyewe, wa kulia, wa kushoto, wa kulia.

Wakaketi kwenye benchi. Upande wa pili mlango wa chuma ulifunguka, wakaanza kutoka mmoja mmoja, na yeye alizitambua suruali kabla ya watu. Yule mwenye kiuno cha arobaini. Yule wa miguu iliyopinda. Kisha yakasikika magongo.

Alikuwa mrefu bado. Alikuja katikati ya magongo mawili, nywele zina mvi pembeni, na mguu wa kushoto wa suruali uliishia hewani, umefungwa nadhifu, bila mkunjo hata mmoja. Pindo safi, aliwaza Mama Pindo. Wazo lililofuata halikuja.

Alipowafikia hakukaa. Aliegemea gongo moja, akasimama wima mbele yake, kama zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akamgeukia dada yake. "Na wewe umekuja." Binti akamshika mkono wote mpaka begani, akauegemeza uso wake hapo.

Akakaa. Kisha mwanawe akaanza, harakaharaka, kama mtu aliyerudia maneno hayo peke yake siku nyingi.

"Ilikuwa sukari, mama. Kidonda kidogo tu cha kidole, kikagoma kupona. Mwaka jana mwanzoni. Nilimwambia mwuguzi wa humu jela asikuandikie. Nikasema, mama anakuja kuona kichwa na kifua, hivyo vipo, vinamtosha. Nilikuwa nawaomba wanilete dirishani kabla hujafika."

Mama Pindo alitikisa kichwa kwamba anasikia.

"Nilikuwa naogopa siku hii," alisema mwanawe. "Walipotuambia tutakuwa tunaonana uani sikulala. Nikasema, sasa ataona. Halafu wakatugawia nguo." Akainama, akapitisha kiganja kwenye ncha ya suruali. "Nikavaa. Nikahisi laini. Nikaigeuza. Mama, nililala kwenye yale maua miaka kumi. Nilikuwa nayahesabu nikikataa kulala. Nikasema, kumbe anajua! Sijui nani alikwambia, lakini unajua, na hukukasirika, umeninyamazia tu na umenishonea. Basi hofu ikaniisha. Leo nimetoka mlango ule kwa raha."

Binti aliinua uso kutoka begani, akamtazama mama yake.

Uani watu walikuwa wanaongea, mtoto mmoja alikuwa anakimbia kuzunguka benchi, askari anamwambia aache. Mama Pindo aliutazama ule mguu. Alikumbuka alivyowaza, yupo mwanamke mahali fulani. Alikumbuka uso wake ulivyonuna kila aliposalimiwa kwa kukaa. Ndani mle mlimokufa ganzi kitu kikachoma, kidogo sana, kama mguu unapoanza kurudiwa na damu, na hakuna anayeupenda mwanzo wake.

"Ulijua, si ndiyo?" mwanawe aliuliza.

"Nilijua," alisema Mama Pindo. "Mama yako nisijue?"

Akanyoosha mkono, akaishika ile ncha kwa vidole viwili, akaipapasa kutafuta mshono, kama fundi.

"Hapa inakubana?"

"Haibani."

"Na kiuno?"

"Kiuno kinapwaya kidogo."

"Wamenipa ishirini na nane," alisema. "Simama nikuone."

Mwanawe akashika magongo, akasimama. Mama Pindo akapiga magoti kwenye saruji, akakusanya kiuno cha suruali mkononi, upande mmoja na upande wa pili, akapima kwa vidole ni kiasi gani cha kutoa.